Ugali wangu, ugali wao

Barua ya msomaji

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 39, mama wa watoto watatu, mtumishi wa serikali. Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, ofisi yetu ilipohamishiwa huku. Mume wangu kwao ndiyo huku huku, ni Mgogo wa Mvumi. Mimi ni mtu wa Tanga. Ndoa yetu haina kelele. Ninachokuandikia ni habari ya ugali, na najua utacheka, lakini ugali huu umeshamtoa mume wangu mezani, wiki ya tatu sasa.

Nilifika huku nikiwa na kilo 72. Mwezi wa tatu mwaka huu tulipimwa afya kazini, mzani ukasimama kwenye 89. Urefu wangu ni sentimita 161. Wakanipima na sukari kabla sijala, ikaja 6.4. Daktari akasema, "Hiki bado si kisukari, mama, ila uko mpakani. Punguza wanga mweupe, punguza mwili, rudi baada ya miezi mitatu." Marehemu mama yangu aliondoka na kisukari, na mguu ulitangulia kukatwa. Kwa hiyo hilo neno "mpakani" halikuniingia kama linavyomwingia mtu mwingine.

Nikaanza kwa pupa. Kuna kundi la WhatsApp la kupunguza uzito, unalipa kila mwezi, na mwalimu wake anakataza wanga wote: ugali, wali, ndizi, viazi, hata kunde. Siku ya tisa nilisimama kusoma taarifa kwenye kikao nikaona ukuta unatembea. Nilikaa kabla sijaanguka, na jioni ile nikajitoa kwenye kundi.

Ndipo mama mkwe akaja kutusalimu, na bodaboda nyuma yake amebeba kiroba cha uwele. Alinipikia mwenyewe mchana, mume wangu akiwa kazini: ugali wa uwele na mlenda wa kukausha uliotiwa karanga. Nilikula kidogo nikashiba mpaka usiku. Nikasema moyoni, dawa nimeipata nyumbani kwangu.

Tatizo ni mwenye nyumba. Tangu tukiwa wachumba aliniambia kwake hakutapikwa uwele wala mtama. Alisoma bweni, na safari moja akitoka likizo mama yake alimfungia ugali wa uwele wa njiani. Wenzake wakaukuta kwenye begi, wa kijivu, umekauka. Wakamwita "Njaa" mpaka anamaliza kidato cha nne. Leo ana mshahara wake, na kwake sembe nyeupe pe ndiyo ushahidi kwamba yale yamekwisha.

Nikapika sufuria mbili. Sembe yao, uwele wangu. Nikirudi kazini saa kumi na mbili nimechoka, nasonga mara mbili, nadondosha jasho mara mbili. Na nikuambie ukweli, nikishamaliza wangu nilikuwa namalizia na makombo ya watoto, maana kutupa chakula siwezi. Mtoto wangu wa pili akawa ananiuliza, "Mama, leo ni ugali wako au wetu?"

Basi nikaanza kuchanganya bila kusema. Kikombe kimoja cha uwele kwa vitatu vya sembe, wiki mbili nzima hakuna aliyejua. Nikapata kiburi, nikaweka nusu kwa nusu. Mume wangu akakata tonge, akaliinua kwenye taa, akalitazama. Akanawa mikono. Akasema kwa sauti ya chini tu, "Umenirudisha Mvumi bila kuniambia." Akachukua funguo. Tangu siku hiyo anarudi saa tatu usiku ameshakula chipsi mayai huko barabarani.

Wifi yangu naye kanipigia: nikikonda watu watasema naumwa, au kaka yake hanilishi. Na mume mwenyewe, kabla ya haya yote, alikuwa akiniambia ananipenda nilivyo, najitesea nini.

Sili hovyo, Mama. Asubuhi chai na chapati mbili, saa nne chai ya kantini na andazi, mchana wali maharage, jioni nikifika nyumbani chai tena kidogo, usiku ndiyo ugali. Sukari naweka ya kawaida, vijiko vitatu. Soda ni kwenye vikao tu, ingawa kwetu vikao ni karibu kila siku.

Nirudie sufuria mbili? Nichanganye tena lakini kwa kipimo kile cha kwanza? Au nile sembe na familia yangu nimwachie Mungu? Nataka kurudi kilo 65 nilizoolewa nazo. Jana mama mkwe amepiga simu akauliza mbona hatuombi uwele mwingine, na akaongeza kwamba mwanawe alipokuwa mdogo alikuwa anaulilia. Sikujua nimjibu nini.

Wa Sufuria Mbili, Dodoma

Jibu la Mama Mshauri

Marahaba, mwanangu. Wala sijacheka. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na nitakuambia kalamu ilinionyesha nini.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Una hofu ya kisukari, na hofu hiyo ina sura ya mama yako. Una mume ambaye rangi ya ugali kwake ina kidonda cha zamani. Na kati yenu imeingia siri ya jikoni, ambayo nadhani ndiyo iliyomwinua mezani kuliko uwele wenyewe. Mambo matatu hayo umeyapika sufuria moja, ndiyo maana hayaivi.

Tuanze na mzani. Sukari ya 6.4 kabla ya kula ni kweli iko mpakani: imepita kiwango cha kawaida, haijafika 7.0 ambapo kipimo kikirudiwa na kuthibitika huitwa kisukari. Hujasema kama ulirudi baada ya ile miezi mitatu. Nakuuliza kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kujua namba ya leo kabla sijagombana na mtu nyumbani. Na hizo kilo 65 umezitoa wapi? Kwenye albamu ya harusi. Upo utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia watu wa mpakani kama wewe. Walioshika mlo na mazoezi waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, na wakapunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Asilimia 7 yako ni kama kilo 6. Kilo 6, siyo 24. Sikukatazi kuota albamu, ila mama yako hakukuachia hofu ya picha, alikuachia hofu ya sukari.

Sasa huo wanga mweupe. (Nauzungumzia wanga wa chakula, wale wa usiku watafutie mshauri mwingine.) Punje ya hindi ina ganda, ina kiini, na katikati ina wanga. Mahindi yakikobolewa kupata sembe, ganda na sehemu kubwa ya kiini huondoka vikawa pumba, na humo ndimo zimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini ya chuma na mafuta mazuri. Sisi tunabaki na unga mweupe, pumba tunampelekea kuku. Mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya mashine namtazama yule kuku namwona ndiye mwenye akili. Dona haikobolewi. Uwele na mtama ukisagwa na ganda lake ni hivyo hivyo: tumbo linachelewa kuusaga, sukari inapanda kwa kupumzika, unashiba kwa muda mrefu zaidi.

Lakini hapa nikuombe uwe na mashaka kidogo na dawa yako. Nguvu iliyomo kwenye kilo ya dona na kilo ya sembe haipishani sana. Mtu akila mlima wa dona atanenepa kwa dona. Na unga ukisagwa laini sana kama poda, hata uwe wa uwele, unakwenda mbio tumboni kuliko uliosagwa wa chengachenga. Siku ile mama mkwe alipokupikia ukashiba mpaka usiku, ni uwele peke yake uliokushibisha? Kulikuwa na mlenda bakuli zima, na ute wa mboga kama mlenda au bamia nao unapunguza mwendo wa sukari. Kulikuwa na karanga. Na kulikuwa na mama mkwe amekaa mbele yako, ukala kwa adabu, tonge dogo dogo. Halafu ulipoanza kupika mwenyewe ukaongezea makombo ya sembe juu ya uwele. Unaona? Huenda unga ulifanya kazi yake, na kijiko cha makombo kikaibatilisha.

Kalamu yangu ilisimama zaidi kwenye aya ile uliyoiandika haraka haraka: "Sili hovyo, Mama." Nimehesabu. Vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu, ni vijiko 9. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 8 au 9. Siku ya kikao umeshafika vijiko 17 au 18, na andazi sijalitia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asizidi kama vijiko 12 kwa siku, na akiweza abaki kwenye nusu ya hapo. Chapati ni ngano iliyokobolewa pamoja na mafuta. Andazi ni ngano hiyo hiyo, sukari na mafuta. Wali wa mchana ni mchele mweupe. Katika siku yako nzima, mlo unaokula na mume wako ni mmoja, ule wa usiku. Mingine yote unaila peke yako, na pale kantini hakuna mtu wa Mvumi wa kukuinulia tonge kwenye taa.

Sisemi ugali hauna neno. Ninachosema ni kwamba vita umeipeleka kwenye mlo ule ule wenye watu watano, ukaiacha ile milo ambayo mwamuzi ni wewe. Ungeweza, kwa mfano, kuanzia asubuhi. Dodoma viazi vitamu si vya kutafuta kwa tochi, vikija msimu wake sokoni Majengo vinamwagwa chini kwa mafungu. Viwili vya kuchemsha, yai, na chai ya kijiko kimoja. Kutoka vijiko vitatu kwenda kimoja ulimi utalalamika kama wiki mbili hivi, kisha utazoea, na siku utakayoonja ile ya zamani utashangaa ulikuwa unakunywaje. Mchana mwambie mama ntilie apunguze wali aongeze maharage na mchicha. Kwenye vikao omba maji. Hatari ya njia hii ni kwamba haionekani, haina kundi wala mwalimu, na mtu aliyezoea kuanza kwa pupa anaweza kuichoka kabla haijaleta kitu. Ila haimgusi mtu mwingine.

Na miguu? Dar ulikuwa unabadilisha daladala, unapanda ngazi, unakimbilia kivuko pengine. Huku kama unafanya kazi Mji wa Serikali kule Mtumba, nadhani gari linakuchukua karibu na nyumbani linakushusha mlangoni. Hukuandika hata mstari mmoja kuhusu kutembea. Kilo 17 hazikutoka kwenye sembe peke yake, kwa sababu sembe hata Dar ulikuwa unaila.

Yule mwalimu wa WhatsApp sitamsema sana. Wapo watu wanaopunguza wanga kwa kiasi kikubwa chini ya uangalizi wa daktari wakafaidika, na wenye kutumia dawa za kisukari wakijaribu wenyewe sukari inaweza kushuka ikawaangusha. Wewe hutumii dawa, umeponea kizunguzungu. Lakini kukataza kunde! Kunde, choroko, maharage, njugu mawe za huku kwetu ni wanga uliokuja na nyuzinyuzi na protini ndani yake, ndio hasa ambao daktari wako angetaka uzidishe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wanga wa mtu mzima utoke zaidi kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na nyuzinyuzi zisipungue gramu 25 kwa siku. Hakuna aliyesema wanga ni adui.

Kabla sijaenda kwa mume wako, neno kuhusu dona, maana wengi katika hali yako huiona ndiyo njia ya kati: si nyeupe ikamkumbusha mtu utajiri, si ya kijivu ikamkumbusha njaa. Inaweza kuwa hivyo. Ila mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumu kuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu ile hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, vile vile tunavyovitaka. Ukienda dona, basi yajue mahindi yako: yamekauka sawasawa, umeyachambua punje iliyopasuka, yenye ukungu au iliyobadilika rangi ukaitupa, usimpe hata kuku. Ukikosa uhakika na mahindi, sembe yenye mboga nyingi pembeni ni salama kuliko dona ya kubahatisha. Uwele nao hautaki kulala mahali penye unyevu.

Haya, baba watoto.

Mwanangu wa Tanga, umeolewa kwenye nchi ya mvua moja kwa mwaka. Huku ikikosea kunyesha kati ya Desemba na Aprili, hakuna vuli ya kukuokoa kama kwenu. Wazee bado wanaitaja njaa ya Mtunya, iliyowafika Wagogo wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza na baada yake, 1917 mpaka 1920, iliyoua watu na kuwatawanya. Uwele na mtama ndivyo hubaki vimesimama shambani jua likikausha mahindi. Kwa hiyo chakula kile kile kilichowaokoa ndicho walichochekewa nacho. Mimi nimekula unga wa njano wa msaada, ule tuliouita Yanga, na mpaka leo nikiona ugali wa njano koo linakaza kidogo, na hakuna aliyewahi kuniita Njaa. Mume wako aliitwa miaka yote ya sekondari. Ukamwekea mezani bila kumwambia.

Sikulaumu, maana mpishi gani hajawahi kuchanganya kitu? Kipimo chako cha kwanza hakikuonekana, na ukikirudia huenda kisionekane tena. Lakini akigundua mara ya pili hatauliza tena juu ya uwele, atajiuliza ni nini kingine usichomwambia. Hiyo ndiyo bei yake, na wewe ndiye unayemjua mumeo kujua kama unaweza kuilipa. Sufuria mbili nazo zina bei: uchovu, makombo, na yule mtoto anayejifunza kwamba kuna ugali wa wagonjwa na ugali wa wazima. Zipo nyumba zinaishi hivyo miaka wala hakuna ugomvi, sufuria ya pili ikiwa ndogo, inasongwa mara moja ikaliwa na kesho, na makombo yanakwenda kwenye bakuli lenye kifuniko. Kula sembe na wenzako nako si lazima kuwe kumwachia Mungu. Donge lisizidi ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga, na maharage au dagaa pembeni: mlo huo wala afisa lishe wa halmashauri hataugombeza. Mtembelee, kwanza, ni mtu wenu mnayemlipa kwa kodi.

Wifi amesema kweli, watu watasema. Walisema ulipokuwa na 72, wanasema sasa una 89. Kuna nyakati hapa kwetu mtu akipungua jina la ugonjwa lilikuwa linamfuata mpaka kisimani, nami naelewa hofu yake. Lakini je, wifi anajua kuhusu ile 6.4? Na mume wako, umemwambia namba, au umemwambia tu unataka kupungua? Nimetafuta kwenye barua yako sikuona mahali ulipomwambia kwamba unaogopa mguu wa mama. Akisema anakupenda ulivyo, pengine anajibu swali la umbo ambalo wewe hukuuliza.

Kumtumia mama mkwe kama shahidi dhidi yake kunaweza kukavutia, hasa baada ya simu ya jana. Fikiri mara mbili. Mwanamume aliyebanwa kati ya mama na mke hula chipsi kwa muda mrefu.

Ila lile alilolisema mama limenikaa kichwani. Kwamba kijana alikuwa akiulilia uwele. Kabla ya bweni, kabla ya begi kufunguliwa, kulikuwa na mtoto aliyekaa na mama yake kwenye jiko la kuni, anaililia ladha hii hii. Sijui kama anamkumbuka. Huenda hataki kumkumbuka, na hiyo ni haki yake. Usimpikie chochote juu ya jambo hilo. Muulize tu, siku atakayorudi mapema, chai ikiwa mezani, mama alikuwa anaupika vipi, na mlenda wake ulikuwa na karanga au hauna. Ukipima tena sukari niandikie namba.

Mama Mshauri